Ardhilhali, taarifa au waraka wa maoni: jambo la kaunti yako lifike Seneti kwa njia ipi?

Wakazi wakishakubaliana kwamba jambo lao limegonga mwamba kaunti na sasa lipelekwe Nairobi, mabishano huhamia kwenye njia ya kulipeleka. Mmoja atasema zikusanywe sahihi. Mwingine ana namba ya simu ya msaidizi wa seneta. Na hakosi aliyeona tangazo gazetini kwamba kamati fulani ya Seneti inapokea maoni ya wananchi, naye anataka kila kitu kimiminwe humo. Wote wanaitaja Seneti, lakini kila mmoja ana mlango wake kichwani, na milango hiyo haitoi kitu kimoja.

Ulinganisho huu ni wa hiyo milango mitatu ya Seneti ya Kenya: ardhilhali, yaani ombi rasmi la wananchi, taarifa inayoombwa na seneta akiwa kikaoni, na waraka wa maoni kwa kamati inayoshughulikia mswada. Nimewalenga wasio na wakili: kina mama wa soko, walimu wa chekechea, wafugaji, kamati ya zahanati. Hiyo zahanati ndiyo nitakayoitumia kama mfano. Tuseme iko katika wadi ya mbali, dawa hazifiki, na usiku hakuna mhudumu.

Kwanza, hakikisha jambo ni la Seneti

Seneti tuliyo nayo ni mtoto wa Katiba ya 2010. Ile ya awali, ambayo Spika wake alikuwa Timothy Chokwe wa Pwani, iliishi kuanzia 1963 hadi 1966 tu. Ya sasa ina maseneta 67: waliochaguliwa na kaunti 47, wanawake 16 wanaoteuliwa kupitia vyama, wawakilishi 2 wa vijana na 2 wa watu wenye ulemavu, na juu yao Spika. Kifungu cha 96 kinawapa kazi ya kuziwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, kushughulikia miswada inayozihusu, kuamua mapato ya taifa yagawanywe vipi kati yake, na kufuatilia jinsi fedha hizo zinavyotumika.

Kipimo cha haraka ni Jedwali la Nne la Katiba. Zahanati na hospitali za kaunti, ambulensi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, kilimo na maji ni kazi za kaunti. Hapo Seneti iko nyumbani. Polisi, walimu wa msingi na sekondari, na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Maseneta huuliza kuhusu hayo pia, tena sana, lakini bajeti za wizara hizo ziko mikononi mwa Bunge la Taifa. Mswada wa Fedha wa kila mwaka haupiti Seneti kabisa, kwa hiyo ukiwaandikia maseneta kuhusu ushuru uliomo ndani yake umebisha nyumba ya jirani. Ombi la kumwondoa kamishna wa tume ya kikatiba nalo hupelekwa Bunge la Taifa.

Kuna kosa moja linalorudiwa mno: watu kuiandikia Seneti wakitaka gavana wao atimuliwe. Seneti haianzishi jambo hilo. Huanza katika bunge la kaunti, kwa hoja ya mwakilishi wadi inayoungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wenzake, kisha ipite kwa thuluthi mbili ya wajumbe wote. Hapo ndipo Seneti hukaa kama mahakama, kwenye kikao kizima au kupitia kamati maalum ya watu 11. Ndivyo Martin Wambora wa Embu alivyofikishwa huko 2014, Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi 2020. Na si kila anayepelekwa huanguka: Kawira Mwangaza wa Meru alinusurika mara mbili kabla ya Seneti kuunga mkono kuondolewa kwake Agosti 2024. Kama lengo lako ni hilo, funga makala haya ukamtafute mwakilishi wadi wako.

Mwakilishi huyo ana umuhimu hata kwa mambo madogo. Sheria ya Serikali za Kaunti inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti na kwa serikali ya kaunti yenyewe. Usiruke ngazi hiyo. Swali la kwanza utakaloulizwa Nairobi ni kama ulianzia nyumbani, na ulijibiwa nini.

Vigezo nilivyotumia

Wengi huchagua njia kwa kuangalia kelele itakayopigwa. Seneta akilitaja jambo kikaoni, video husambaa kwenye simu za kijiji kizima kabla ya jua kutua, na watu huhisi wameshinda. Kwangu kigezo kinachotangulia ni kingine: unataka karatasi gani irudi mkononi mwako? Jibu la afisa, ripoti yenye jina lako, au maneno tofauti ndani ya sheria? Ukishalijibu hilo, nusu ya mabishano yamekwisha.

Vingine vinafuata. Nani anaushika mlango, je, kuna mtu anayeweza kukwambia rudi kesho hadi uchoke? Ni kazi kiasi gani inayokuangukia wewe, ya kuandika, kuzunguka na kukusanya? Muda ni upi, ule wa kwenye kanuni na ule wa kwenye maisha? Na mwisho, njia hiyo inamfaa mtu wa namna gani. Nitazipitisha zote tatu humo humo.

1. Ardhilhali

*Anayeshika mlango.* Hapa hakuna bawabu wa kisiasa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Unaweza kumpelekea Karani wa Seneti moja kwa moja, au ukampa seneta aiwasilishe kwa niaba yako. Karani ana siku 7 za kuikagua. Ikiwa na kasoro za muundo, anaelekeza irekebishwe. Ikiwa sawa, inapanda kwa Spika. Seneta wako akiwa chanda na pete na gavana, bado hawezi kuizuia.

*Kazi yako.* Ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi kwa Bunge inaruhusu kuandika kwa mkono au kwa kompyuta, kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha iwe ya heshima. Maandishi yasiwe na maneno yaliyokatwa wala yaliyochomekwa juu ya mstari. Kama karatasi ni zaidi ya moja, kila ukurasa utaje ombi linahusu nini. Ueleze kama uliwahi kulipeleka jambo kwa ofisi husika na matokeo yake, na kama liko mbele ya mahakama au chombo kingine. Kila mwombaji aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, atie sahihi au alama ya kidole gumba, na vyote viwe vimeandikwa papo hapo kwenye karatasi ya ombi. Sahihi zilizokatwa kutoka kwenye orodha ya mahudhurio ya mkutano na kubandikwa hazikubaliki, na vikundi vingi hukwama hapo.

Lakini roho ya ardhilhali iko mwishoni, pale mnapotamka mnachoomba. Watu huandika kurasa nne za uchungu halafu wanamalizia hivi: "Tunaiomba Seneti iingilie kati na kutusaidia." Kamati itaifanyia nini sentensi hiyo? Ilinganishe na hii:

"Kwa hiyo, waombaji wanaiomba Seneti, kupitia kamati yake inayohusika na afya, (a) ichunguze jinsi fedha zilizotengewa dawa za zahanati yetu katika mwaka wa fedha 2023/2024 zilivyotumika, (b) imtake waziri wa afya wa kaunti aeleze ni lini mhudumu wa usiku ataajiriwa, na (c) itoe mapendekezo kuhusu usambazaji wa dawa katika zahanati za wadi."

Vipengele vitatu, na kila kimoja kinaweza kujibiwa au kukwepwa, na kikikwepwa kitaonekana. Ndiyo maana ningependelea kikundi kitumie jioni nzima kwenye aya hiyo moja kuliko kutafuta sahihi mia tano zaidi. Hata mtu mmoja anaweza kuwasilisha ardhilhali. Wingi wa sahihi hupendeza kwenye picha, lakini kamati hushughulika na maombi yaliyoandikwa.

*Muda.* Ikishasomwa kikaoni, Spika anaweza kuruhusu maseneta waizungumzie kwa muda usiozidi dakika 30, kisha inakabidhiwa kamati ya kudumu inayohusika. Kamati hiyo ina siku 60 za kalenda kutoa ripoti. Hizo ni siku za kwenye kanuni. Kamati zikizidiwa huomba kuongezewa muda, na Seneti huwa kwenye mapumziko vipindi vizima, hasa kuanzia Desemba hadi kikao kipya kifunguliwe Februari. Ukipeleka ardhilhali mwishoni mwa Novemba, jiandae kusubiri. Hatari kubwa zaidi ni uchaguzi: muhula wa Bunge ukiisha, yaliyokuwa hayajakamilika hufa nao.

*Unachopata.* Ripoti iliyoelekezwa kwa mwombaji na kuwasilishwa mezani, na barua ya Karani ikikujulisha uamuzi ndani ya siku 15. Katikati, kamati inaweza kukuita ueleze, kumwita waziri wa kaunti, au kuja kuona. Ina nguvu ya kuwaita mashahidi kama Mahakama Kuu, kwa Kifungu cha 125, na anayekaidi wito anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 500,000. Magavana kadhaa wameionja. Ila lazima isemwe wazi: mwisho wa ripoti ni mapendekezo. Seneti haiwezi kuiagiza kaunti inunue dawa kesho asubuhi. Wakati mwingine kamati itasema jambo ni la bunge la kaunti na kulirudisha huko. Hata hivyo ripoti ni hati ya umma: unaweza kuipeleka kwa bunge la kaunti, kwa mkaguzi, hata mahakamani.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye subira, chenye barua za awali kilizowahi kuandikia kaunti, na jambo lenye mizizi: ardhi ya umma iliyomegwa, fidia iliyokwama, mishahara isiyolipwa kwa muda mrefu, au sheria inayohitaji kubadilishwa. Haimfai mwenye dharura.

2. Taarifa inayoombwa na seneta

*Anayeshika mlango.* Seneta mwenyewe, na kabla yake wasaidizi wake. Huna haki ya kisheria ya kumlazimisha asimame. Ila watu husahau kwamba hahitajiki kuwa yule mmoja mliyemchagua. Maseneta maalum 20 wana haki ya kuomba taarifa kama wengine, na miongoni mwao wamo wanaowakilisha vijana na watu wenye ulemavu. Jambo la mwalimu wa chekechea mwenye ulemavu aliyenyimwa ajira linaweza kubebwa vizuri zaidi na seneta maalum kuliko na seneta wa kaunti anayepigia hesabu kiti cha ugavana. Na wengi hukipigia. Ni siri iliyo wazi. Seneta wa aina hiyo atakuwa na hamu kubwa ya kuuliza maswali magumu kuhusu zahanati yako, na hilo si lazima liwe baya, mradi ujue kinachomsukuma.

*Kazi yako.* Ndogo, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Ili ujue unachopaswa kumpa seneta, itazame siku yenyewe. Seneti hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nane na nusu alasiri, na Jumatano asubuhi pia saa tatu na nusu. Inahitaji maseneta 15 ili shughuli ziendelee. Siwa, fimbo ya mamlaka ya Bunge, huingizwa, inasomwa dua, Spika anatoa mawasiliano yake, zinafuata ardhilhali, hati zinazowekwa mezani, ilani za hoja, ndipo taarifa. Seneta anasimama na kutaja kanuni. Siku hizi utasikia ile ya 53(1). Anasema anaomba taarifa kutoka kamati fulani kuhusu jambo fulani, kisha anasoma: katika taarifa hiyo, kamati ieleze kwanza hili, pili lile, tatu lile. Anakaa. Wenzake wawili watatu wanachangia, mara nyingi wakiingiza zahanati za kwao, na Spika anasonga mbele.

Zote hizo ni dakika chache, na zimejengwa juu ya ile orodha ya maswali. Kwa hiyo usimpelekee msaidizi wa seneta ujumbe wa sauti wa dakika nane kwenye WhatsApp. Mpe ukurasa mmoja: jina la zahanati, wadi, kaunti ndogo, jambo lilianza lini, na maswali matatu au manne yaliyokwisha kuandikwa, tayari kusomwa. Weka namba ya simu ya mtu mmoja atakayejibu akipigiwa. Maswali yaliyoandaliwa vizuri husomwa karibu kama yalivyo.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Jambo la Ijumaa linaweza kusikika kikaoni Jumanne. Kusikika, si kujibiwa. Kamati huiandikia wizara au kaunti, majibu huchelewa, na mengine hayafiki hadi seneta akumbushe. Asipokumbusha, jambo huzama chini ya taarifa nyingine za wiki zinazofuata. Tangu 2023 mawaziri wa serikali kuu nao wamekuwa wakifika mbele ya kikao kizima kujibu maswali ya maseneta, na hapo jibu hutolewa hadharani. Lakini waziri wa afya wa kaunti yako si mmoja wao.

*Unachopata.* Kwanza, rekodi. Kila neno liko kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, inayowekwa kwenye tovuti ya Bunge, na hakuna afisa atakayesema hakuwahi kulisikia jambo lako. Pili, presha. Kuna tatizo ambalo hutatuliwa na simu moja kutoka Nairobi, na kaunti zetu zina mengi ya namna hiyo: dawa ziko kwenye bohari na gari halina mafuta. Tatu, ukibahatika, jibu la maandishi. Usichopata ni nafasi ya kusema mwenyewe. Jibu linaenda kwa kamati na seneta, na likiwa la uongo hutalijua usipoliomba. Kwa hiyo liombe.

*Inamfaa nani.* Mwenye jambo bichi na linaloonekana: mafuriko yaliyokata barabara ya kaunti, mgomo wa wauguzi, hospitali iliyofungwa. Pia anayetaka kupima maji kabla ya kuingia gharama ya ardhilhali, kwa sababu jibu baya la taarifa ni kiambatisho kizuri cha hoja zako za baadaye.

3. Waraka wa maoni kwa kamati

*Anayeshika mlango.* Kalenda. Kifungu cha 118 kinaliagiza Bunge lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, kwa hiyo mswada ukishasomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwa kamati, tangazo hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge. Mtu yeyote anaweza kuandika. Lakini lazima kuwe na mswada, na lazima uwahi siku ya mwisho. Siku zenyewe ni chache, na tangazo huwa na herufi ndogo sana; kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzitazama kurasa hizo. Jukwaa la mtandaoni la Dokeza, la shirika la Mzalendo linalofuatilia Bunge, husaidia kwa hilo.

*Kazi yako.* Ya akili zaidi kuliko ya miguu. Waraka mzuri una safu nne: kifungu cha mswada, kinasema nini sasa, unapendekeza kisomeke vipi, na kwa nini. Zahanati yako inaingia kwenye safu ya nne tu, kama ushahidi. Ukituma kilio bila kutaja kifungu, makarani watakushukuru na kukuweka kwenye orodha ya "waliotoa maoni ya jumla", na hapo ndipo safari yako inapoishia. Ukisema "kifungu cha 12 kiongezewe maneno haya", mtu analazimika kukujibu kwa kukubali au kukataa, kwa kuwa ripoti ya kamati huwa inaonyesha nani alipendekeza nini na kamati ilionaje.

*Muda.* Kutuma ni siku chache. Kuona matunda ni mwaka au zaidi. Mswada unaohusu kaunti lazima upite Seneti na Bunge la Taifa. Yakitofautiana, inaundwa kamati ya upatanisho yenye idadi sawa kutoka kila upande, na ikishindwa kuafikiana ndani ya siku 30, mswada umekufa. Maseneta hulalamika kila muhula kwamba miswada yao huingia upande ule wa pili isionekane tena. Uhusiano huo umefika hadi mahakamani: Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuishirikisha Seneti, na mabishano yakaendelea katika rufaa.

*Unachopata.* Likikubaliwa, pendekezo lako linakuwa sheria ya kaunti zote 47, na hakuna ardhilhali wala taarifa inayofikia hapo kwa mkupuo. Likikataliwa, unabaki na sababu zilizoandikwa. Ila kwa zahanati yako yenyewe, dawa za wiki ijayo, hutapata chochote.

*Inamfaa nani.* Vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, mashirika ya kijamii, na yeyote aliyegundua kuwa tatizo lake haliko kwa afisa mmoja mzembe bali kwenye sheria yenyewe. Pia mwananchi mmoja mwenye kalamu nzuri. Waraka wa kurasa mbili wa muuguzi mstaafu anayejua oda ya dawa inavyosafiri unaweza kuwa na uzito kuliko mkutano wa hadhara.

Uchague ipi, kulingana na ulipo

*Jambo linaumiza watu leo.* Anza na taarifa. Peleka ukurasa mmoja kwa seneta wa kaunti na kwa seneta maalum mmoja kwa wakati uleule, na umwambie kila mmoja kwamba mwenzake anao. Heshima hiyo ndogo huzuia ugomvi. Baada ya wiki tatu uliza kwa maandishi kama kamati imejibiwa.

*Umezungushwa miaka na una faili la barua.* Ardhilhali. Hilo faili ndilo mtaji wako, kwa sababu sehemu inayouliza "mlichukua hatua gani kabla" wewe unaijaza kwa tarehe. Ukiwa na seneta unayemwamini, mpe aiwasilishe ili kuwe na mtu ndani wa kuisukuma. Usipokuwa naye, mpelekee Karani na udai upokezi uliogongwa muhuri.

*Uko mbali, na nauli ya Nairobi ni mlima.* Njia zote tatu zinawezekana bila kufunga safari, maana nyaraka hupokelewa kwa barua na kwa barua pepe. Aliye Mandera au Lamu asiache kwa sababu ya umbali. Ukiitwa na kamati, uliza kama unaweza kusikizwa kwa njia ya mtandao. Tazama pia kama Seneti inahamia karibu nawe: imewahi kukaa Eldoret 2018, Kitui 2019 na Turkana 2023 kwa utaratibu wa Seneti Mashinani, na wiki hiyo kamati huwa ziko miongoni mwa watu.

*Jambo liko mahakamani.* Tulia. Ardhilhali itakulazimu kulitaja hilo, na Spika anaweza kuzuia lisijadiliwe. Waraka wa maoni kuhusu sheria ya jumla bado unawezekana, mradi usiingize kesi yako humo.

*Una ugomvi na mtu, si na mfumo.* Kama afisa amekula rushwa, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iko karibu zaidi kuliko Seneti. Kamati itafanya nini na jina la mtu mmoja, zaidi ya kulipeleka huko huko?

*Hujui tatizo ni utekelezaji au ni sheria.* Tafuta kwenye Hansadi kwanza. Andika jina la jambo lenyewe, "zahanati", "chekechea", "maji", na usome kamati ilijibiwa nini kaunti nyingine ilipouliza. Jibu likisema "sheria haituruhusu", subiri mswada au omba urekebishaji kwa ardhilhali, maana Kifungu cha 119 kinaruhusu. Jibu likisema "fedha zilitolewa", basi zilitolewa kwa nani? Hapo kaunti imekwisha kukuandikia swali la kwanza la taarifa yako.

*Uchaguzi umekaribia.* Kwa miezi ya mwisho kabla ya Agosti 2027, ardhilhali mpya ina hatari ya kukatwa katikati. Tumia taarifa, kwa sababu wakati huo hakuna seneta anayetaka kuonekana kimya. Zitunze karatasi zote za ardhilhali zikiwa bado hazijatiwa tarehe, na majina ya waliokubali kutia sahihi yahifadhiwe na zaidi ya mtu mmoja, ili Seneti mpya ikishaapishwa na kamati zake kuundwa, kilichobaki kiwe ni kusaini upya na kupeleka.